Gari la jeshi likipinduka: askari wa zamani na madai ya fidia

Askari aliyepigwa risasi vitani haulizwi sana aliumiaje. Lakini yule aliyeumia mgongo kwa sababu lori alilopanda liliingia korongoni usiku wa mazoezi hujikuta akijieleza kila mahali: kwa wenzake, kwa daktari, na hatimaye kwa ofisa wa madai ambaye hajawahi kulitia jicho korongo hilo.

Ajali za namna hiyo si chache. Mwezi Julai 2021, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kuhusu magari ya kijeshi ya jeshi la nchi kavu na ya kikosi cha Marines. Kati ya miaka ya fedha 2010 na 2019 yalitokea matukio 3,753 yasiyohusiana na mapigano, na wanajeshi 123 walipoteza maisha. Vifo vingi vilitokana na magari kupinduka. Wakaguzi walitaja madereva wasiokuwa makini, usimamizi hafifu na mafunzo yasiyotosha.

Waliopona wengi wao hawakuandikwa magazetini. Miongoni mwao wamo pia vijana wa Afrika Mashariki, kwani sheria ya Marekani inamruhusu mkaazi wa kudumu asiye raia kujiunga na jeshi. Upo pia mpango maalumu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2008 na kusimamishwa mwaka 2016, uliowachukua wageni wenye ujuzi wa lugha adimu, na Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Leo baadhi ya vijana hao wamekwisha vua sare, mgongo unauma, na hawajui kama wana haki yoyote.

Wanayo. Sheria haiulizi kama palikuwa na adui.

Mambo matatu

Idara ya Maveterani ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi VA, huulizia mambo matatu. Je, mdai ana maradhi au ulemavu sasa hivi? Je, lilitokea tukio fulani akiwa kazini jeshini? Na je, kuna uhusiano kati ya hayo mawili?

Neno "kazini" hapa ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Kwa askari wa kudumu, saa zote 24 ni za kazi, hata akiwa likizo. Aliyegongwa na gari Jumamosi usiku akirudi kambini kutoka sinema anaweza kudai sawasawa na aliyepinduka ndani ya Humvee. Kinachomfungia mlango ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na mfano unaojulikana zaidi ni kuendesha gari akiwa amelewa, au kuwa mtoro wakati wa ajali.

Kwa askari wa akiba na wa Ulinzi wa Taifa, ambako Waafrika wengi huingia ili wapate msaada wa ada ya chuo, hali ni nyembamba kidogo. Jeraha lililopatikana katika mazoezi ya mwisho wa wiki linakubaliwa, na hata safari ya moja kwa moja ya kwenda au kurudi kutoka mazoezini. Lakini yapasa kuwapo taarifa rasmi ya kikosi inayothibitisha kwamba mtu alikuwa katika zamu yake. Asiyeidai taarifa hiyo mapema atakuja kuitafuta baada ya kamanda kuhamishwa na karani kustaafu.

Jambo la tatu, yaani uhusiano, ndilo linaloangusha madai mengi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ameumia shingo na mgongo gari lilipopinduka. Mganga wa kikosi alimpa vidonge na siku tatu za kupumzika. Hakurudi tena, kwa kuwa sajini wake aliwadhihaki wanaojipanga foleni ya zahanati, na kwa kuwa nyumbani alifundishwa kwamba mwanamume halalamiki. Miaka minane baadaye hawezi kuinama kufunga viatu. Faili lake lina ukurasa mmoja tu, na daktari anayempima kwa niaba ya VA anaandika kwamba jeraha lile "lilipona".

Uvumilivu, ambao kwetu ni sifa, kwenye faili husomeka kama uzima.

Lakini dai la kijana huyo halijafa. Mahakama zimekwisha amua kwamba kukosekana kwa karatasi za tiba za wakati ule peke yake si sababu ya kuukataa ushuhuda wa mtu. Yeye mwenyewe anaweza kueleza kwa maandishi maumivu yalianza lini na hayakukoma vipi. Mwenzake aliyekuwa kiti cha nyuma anaweza kuandika alichokiona. Mke anaweza kueleza usiku ambao mumewe hulala sakafuni. Kisha daktari, awe wa VA au wa binafsi, aseme kwa sababu zinazoeleweka kwamba uwezekano wa maradhi kutokana na ajali ni angalau nusu kwa nusu. Hahitaji kuapa kwamba ana hakika. Ushahidi ukilingana uzito pande zote mbili, sheria inamtaka ofisa ampe mdai ushindi. Ni kanuni ya ukarimu usio wa kawaida katika sheria za serikali yoyote, na inasikitisha kwamba wanaoijua ni wachache.

Zaidi ya cheti cha kuachishwa kazi, kiitwacho DD-214, zitafutwe pia ripoti ya ajali ya kikosi, ripoti ya polisi wa jeshi ikiwa ipo, na kumbukumbu za hospitali iliyompokea majeruhi siku ile. Hospitali ya kiraia haipeleki mafaili yake jeshini kwa hiari yake. Kwa wazee waliotoka kazini kabla ya mwaka 1960 kuna msiba wa ziada: moto wa tarehe 12 Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza mamilioni ya mafaili ya wanajeshi, na VA inatakiwa kuwasaidia zaidi watu hao kutafuta ushahidi mwingine.

Maumivu yanayozaa mengine

Goti bovu humfanya mtu achechemee, na kuchechemea huharibu nyonga. Ugonjwa wa pili ukitokana na wa kwanza, nao hulipiwa fidia. Vivyo hivyo sonona inayoletwa na maumivu ya miaka. Mtikisiko wa ubongo, ambao siku ya ajali ulionekana kuwa kizunguzungu tu, unaweza kuwa ndio chanzo cha usahaulifu na hasira za leo. Na kiwewe cha akili hakihitaji bomu: kumwona rafiki akifa chini ya gari lililopinduka kunatosha kisheria.

Kila ulemavu hupewa asilimia, kumi kwa kumi, kuanzia sifuri hadi mia. Kwa mgongo, daktari hupima kwa nyuzi mtu anavyoinama. Asiyeweza kuvuka nyuzi 30 hupata asilimia 40. Anayevuka 30 lakini asivuke 60 hupata 20. Hapa ndipo watu hujiponza. Wanameza dawa asubuhi, wanavaa vizuri, wanainama kwa adabu mbele ya daktari. Yafaa kumweleza daktari hali ilivyo siku ambazo maumivu huzidi, kwa kuwa kanuni zinamtaka azingatie siku hizo pia.

Hesabu ya kujumlisha nayo huwachanganya wengi, hata wenye digrii. Asilimia 40 za mgongo, 20 za shingo na 10 za goti hazifanyi 70. VA humhesabu mtu kuwa mzima kwa asilimia 100. Mgongo ukichukua 40, hubaki 60. Shingo huchukua 20 katika kila mia ya hizo 60, yaani 12, na jumla huwa 52. Goti huchukua sehemu ya kumi ya 48 zilizobaki, na jumla hufika 57, ambayo hukadiriwa kuwa 60.

Kuanzia asilimia 30, malipo huongezwa kwa ajili ya mke au mume, watoto, na hata wazazi wanaomtegemea mdai. Kwa familia zetu kifungu hicho cha mwisho kina uzito, ijapokuwa wengi wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi hawajawahi kukitumia. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe na majina yale yale yaliyomo katika DD-214.

Tarehe ni fedha

Hakuna muda wa mwisho wa kudai, lakini kuchelewa kuna gharama. Anayewasilisha dai ndani ya mwaka mmoja tangu aachishwe kazi hulipwa kuanzia siku iliyofuata kuachishwa. Anayechelewa kwa kawaida huhesabiwa tangu siku aliyodai, na miaka iliyopita imekwenda. Fomu fupi ya kutangaza nia ya kudai humhifadhia mtu tarehe kwa mwaka mzima huku akikusanya karatasi. Na yule ambaye bado yumo jeshini anaweza kuanza siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka.

Akikataliwa, ana mwaka mmoja kuchagua njia chini ya utaratibu ulioanza Februari 2019: kuleta ushahidi mpya unaohusika, kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie faili lile lile bila nyongeza, au kukata rufaa mbele ya Bodi mjini Washington. Mtu ambaye faili lake lina upungufu wa maoni ya daktari hafaidiki na njia ya pili, kwa sababu faili litabaki na pengo lile lile.

Jihadhari na makampuni yanayotoza maelfu ya dola kwa kujaza fomu. Sheria hairuhusu ada kwa kazi ya dai la kwanza, kabla VA haijatoa uamuzi. Vyama kama Disabled American Veterans na American Legion husaidia bure.

Je, askari anaweza kulishtaki jeshi lenyewe kwa uzembe wa dereva? Marekani, hapana: Mahakama Kuu iliufunga mlango huo mwaka 1950 katika kesi ya Feres. Uingereza, ambako raia wa Jumuiya ya Madola, wakiwemo Wakenya, hutumikia jeshini, sheria ya mwaka 1987 iliwaruhusu askari kushtaki, na kwa kawaida muda wao ni miaka mitatu. Mbali na hilo upo mpango wa fidia kwa majeraha ya tangu tarehe 6 Aprili 2005, wenye muda wa miaka saba. Tofauti hizo za muda zisichanganywe. Binamu aliye Leeds hawezi kumshauri aliye Texas.

Askari wa Marekani aliyerudi kuishi Mombasa au Mwanza hapotezi fidia yake. Madai ya wengi walio nje hushughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh. Matibabu ya ulemavu uliokubaliwa hugharimiwa hata katika hospitali ya huko, kupitia mpango wa tiba wa nchi za nje. Mgonjwa atunze ankara na maelezo ya daktari, na ajiandikishe kabla hajaugua.