Jujitsu baada ya miaka 40: Safari ngumu kuliko pambano

PAMBANO la jujitsu kwa mwanamke aliyevuka umri wa miaka 40 halizidi dakika tano. Safari ya kulifikia pambano hilo, kwa anayeishi Handeni au Korogwe mkoani Tanga, huweza kumchukua siku nzima ya kwenda na siku nyingine ya kurudi, achilia mbali miezi ya kujiandaa.

Ndiyo maana wengi wanaoshindwa katika umri huo hawashindwi na mpinzani. Hushindwa na mizani, na ratiba, na kiti cha basi, au na nauli iliyokwisha kabla ya siku ya mashindano kufika. Mambo hayo yote yanaweza kupangwa mapema, na hapo ndipo mtu mzima anapompita kijana. Wahenga walisema utu uzima dawa.

Jujitsu ni mchezo wa kukabana uliozaliwa Japani. Jigoro Kano aliuchuja na kuanzisha judo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule yake ya Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na huko familia ya Gracie ikaukuza mchezo hadi ukapata sura inayojulikana leo kama jujitsu ya Kibrazili. Ndani yake hakuna ngumi wala mateke. Mshindani humwangusha mwenzake, humdhibiti chini, kisha hutafuta kabali au kukunja kiungo mpaka mwenzake agonge mkeka kukubali kushindwa.

Asipogonga mtu, pointi huamua. Kumwangusha mpinzani ni pointi 2, kumpindua kutoka chini ni 2, na kumwekea goti tumboni ni 2. Kuivuka miguu yake ni pointi 3, ilhali kumkalia juu, au kumshika kwa nyuma kwa kumzungushia miguu, ni pointi 4.

Wanawake watu wazima si wageni katika mchezo huu. Edith Garrud, aliyezaliwa mwaka 1872, aliwafundisha jujitsu wanawake wa Uingereza waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, naye wakati huo alikuwa akikaribia na hatimaye kuvuka miaka 40. Nchini Marekani, Rusty Kanokogi alivuliwa medali ya judo mwaka 1959 baada ya kugundulika kuwa ni mwanamke. Mwaka 1980 yeye mwenyewe aliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo kwa wanawake, mjini New York. Keiko Fukuda, mwanafunzi wa Kano, alitunukiwa dani ya 10 na chama cha judo cha Marekani mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98.

Kwa Tanzania, ndugu yake jujitsu anayefahamika zaidi ni judo. Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha nchi katika mchezo huo kwenye Olimpiki za Rio mwaka 2016 na Paris mwaka 2024. Jujitsu ya Kibrazili bado imejikita katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, kama Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo mwanamke wa Handeni au Korogwe anayeamua kushindana hana budi kuihesabu barabara kuwa sehemu ya mazoezi.

Umri huhesabiwa kwa mwaka

Mashindano mengi hufuata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jujitsu ya Kibrazili (IBJJF), au kanuni zinazokaribiana nazo. Chini ya kanuni hizo, anayetimiza miaka 30 huingia katika makundi yaitwayo Masta. Masta 1 huanzia miaka 30, Masta 2 miaka 36, Masta 3 miaka 41, Masta 4 miaka 46, Masta 5 miaka 51, Masta 6 miaka 56 na Masta 7 miaka 61.

Umri hupatikana kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa mashindano, bila kujali mwezi. Aliyezaliwa Desemba 1980, akishindana Februari 2026, huhesabiwa kuwa na miaka 46 na huingia Masta 4, ingawa siku yake ya kuzaliwa iko mbali.

Makundi haya yana faida iliyo wazi, kwamba mama wa miaka 46 halazimiki kukabana na binti wa miaka 22. Hata hivyo yana tatizo lake. Idadi ya wanawake hupungua kadiri umri unavyopanda, na wanapogawanywa tena kwa mkanda na uzito, mshindani hujikuta peke yake katika kundi. Huenda akasafiri mamia ya kilomita, akavishwa medali bila kushika ukosi wa mtu.

Dawa yake ni kuangalia orodha ya waliojiandikisha kabla ya kukata tiketi. Waandaaji wengi huitangaza, na huweka siku ya mwisho ya kufanya mabadiliko. Kanuni humruhusu mwenye umri mkubwa kushuka na kushindana katika kundi la umri mdogo, lakini mdogo haruhusiwi kupanda kwa wakubwa. Aliye Masta 4 anaweza kuomba Masta 3 au hata Masta 1. Huo ni uamuzi wa kufanya na kocha akiwa nyumbani, kwa utulivu, kabla ya kukutana na kelele za ukumbini.

Mizani hupima na kimono

Jambo linalowaumiza wengi ni uzito. Kwa kanuni za IBJJF, mshindani hupimwa mara moja tu, muda mfupi kabla ya pambano lake la kwanza, akiwa amevaa kimono. Akizidi kiwango cha kundi lake, huondolewa. Hapewi nafasi ya pili wala muda wa kukimbia apunguze.

Viwango vya wanawake ni kilo 48.5, 53.5, 58.5, 64, 69, 74 na 79.3, kisha kundi la wasio na kikomo. Kimono pamoja na mkanda huweza kufikia kilo 1.5 hadi 2. Mwanamke mwenye kilo 62.5 za mwili, akivaa kimono cha kilo 1.8, anasoma kilo 64.3. Kwa gramu 300 hizo safari yake yote inakuwa imekwisha, na nauli hairudi.

Busara ni kujipima akiwa amevaa kimono kilekile, wiki kadhaa kabla ya safari na tena siku ya kuondoka. Asiyekuwa na nafasi ya kutosha chini ya kikomo, ni heri ajiandikishe kundi la juu yake. Kujinyima chakula na maji siku mbili za mwisho humwumiza mtu yeyote, na mwili uliovuka miaka 40 huchelewa zaidi kurudi katika hali yake.

Barabara na mwili

Kijiografia, wilaya hizi mbili haziko vibaya. Korogwe imekaa kando ya barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Arusha. Handeni imeunganishwa na barabara hiyo kwa njia mbili, kilomita 65 kwenda Korogwe na kilomita 54 kwenda Mkata, ambazo zamani zilikuwa za vumbi na sasa ni za lami.

Anayekwenda Dar es Salaam hupita Mkata na Chalinze hadi kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Anayekwenda Nairobi hupanda kwa Mombo, Same na Moshi hadi Arusha, kisha huvuka mpaka Namanga. Wa Mombasa hupitia Segera, Muheza na Tanga, na kuvukia Horohoro.

Ugumu uko ndani ya basi. Wanawake wengi hukwepa kunywa maji safarini kwa kuhofia kwamba basi litachelewa kusimama kwa ajili ya kuchimba dawa, au litasimama mahali pasipo na choo cha maana. Kwa msafiri wa kawaida hiyo ni adha ya siku moja. Kwa mshindani, ni kufika ukumbini akiwa na kichwa kinachouma, misuli inayokaza na nguvu pungufu.

Kukaa kwenye kiti kwa zaidi ya saa nne bila kujinyoosha pia huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu, na hatari hiyo hupanda kwa umri na kwa unene. Ni vema kuzungusha vifundo vya miguu kila baada ya muda, kushuka na kutembea kila basi linaposimama, na kunywa maji kidogo kidogo. Mwenye historia ya ugonjwa huo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya safari.

Kanuni bora ni kufika siku moja kabla. Tangu mwaka 2023 zuio la muda mrefu la mabasi kusafiri usiku liliondolewa, na wapo wanaoshawishika kusafiri usiku na kushindana asubuhi ili kuokoa gharama ya kulala. Kwa kijana huenda ikawezekana. Kwa mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi, ambaye tayari usingizi wake unaweza kukatizwa na joto la mwili, usiku wa barabarani ni deni litakalolipwa mkekani.

Mifupa nayo haina budi kuangaliwa. Baada ya hedhi kukoma, uimara wake hupungua kwa kasi. Mazoezi ya kubeba uzito husaidia kuilinda, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima kufanya mazoezi ya nguvu walau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mazoezi ya wastani. Mama anayelima, kuteka maji na kubeba mzigo tayari ana msingi, lakini kuanguka kunahitaji kufundishwa, kwani asiyejua kuanguka huumia hata na mpinzani mpole.

Mkoba na hati

Katika mkoba wa mshindani kimono ndicho cha kwanza, na ni salama zaidi kubeba viwili, maana kilichochanika au kisichofaa kwa vipimo hukataliwa. Rangi zinazokubalika ni nyeupe, buluu na nyeusi. Chini ya koti, mwanamke hulazimika kuvaa fulana ya kunyumbuka inayobana mwili. Kitambaa cha kichwa cha kunyumbuka kinaruhusiwa, mradi kisiwe na chuma wala plastiki ngumu, jambo linalowahusu wanawake wengi wa Kiislamu wa mkoa wa Tanga. Pini, hereni na bangili hubaki nje ya mkeka, na kucha ziwe fupi.

Mtanzania haihitaji viza kuingia Kenya, lakini anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni muhimu kuwa nayo. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 kadi yake hudumu maisha yote. Anayewaza mbali zaidi, kama Abu Dhabi au mashindano ya dunia ya Masta yanayofanyika Las Vegas, ajue kwamba viza huhitaji miezi ya maandalizi.

Fedha na nyumba

Gharama kubwa kwa kawaida si ada ya kushiriki. Ni nauli, malazi ya siku mbili, chakula na kipato kinachopotea dukani, shambani au gulioni. Mkoa wa Tanga una misimu miwili ya mvua, vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Mwenye shamba akichagua mashindano ya Julai au Agosti, anaondoka bila kuacha kazi ya kupanda ikimsubiri.

Liko pia suala la nyumbani, ambalo halimo katika kanuni yoyote. Mama anayeaga kwenda kukabana ataulizwa maswali na mume, na wanawe, na majirani. Ni vema familia ikaelezwa mapema kwamba wanawake hushindana na wanawake, kwamba mwamuzi husimama pembeni kwa dakika zote, na kwamba kugonga mkeka husimamisha pambano papo hapo.

Kugonga huko ndiko ngao kubwa ya mtu mzima. Kijana anaweza kung'ang'ania kiwiko kikivutwa kwa sababu kitapona haraka. Mwenye miaka 46 anayegonga mapema hurudi na mkono mzima wa kushika jembe, kubeba mjukuu na kufanya mazoezi wiki inayofuata.

Baada ya pambano asikimbilie basi la jioni ileile. Aliyegonga kichwa, aliyepoteza fahamu kwa kabali au mwenye kiungo kinachovimba anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya kabla ya kupanda gari. Aliye salama naye anahitaji kula, kunywa na kulala. Kisha apande basi la asubuhi kurudi Korogwe au Handeni, na akifika aandike kila shilingi aliyotumia na kila kilo iliyosomwa na mizani, kwa kuwa daftari hilo ndilo litakaloifanya safari ya pili iwe nyepesi kuliko ya kwanza.