Uinamapo Kuinua Mzigo, Tazama Miguu Yako

Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, msomaji mpenzi, lakini kuinama nako kuna namna yake. Wengi wetu tunajua kubeba. Ni wachache waliofundishwa kuinua.

Fika Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, nawe utaona. Kwa miaka mingi meli ya Liemba ilipita hapo, na shehena ilipita mikononi mwa watu: mahindi na maharage yaliyoshuka kutoka nchi ya juu ya Ufipa, na dagaa waliopanda kwenda Namanyere na Sumbawanga. Kijana mwenye nguvu huliinamia gunia miguu ikiwa imenyooka, mgongo umepinda kama upinde, akalivuta kwa mkupuo mmoja. Leo haumwi. Siku moja mgongo unagoma, na jembe linakaa ukutani wakati wa kulima. Je, watoto watakula nini?

Sababu si uzito peke yake, bali pia umbali. Chukua kidumu cha maji cha lita 5, ukikumbatie kifuani. Kisha nyosha mikono ukishike mbali nawe. Maji ni yale yale, lakini sasa mgongo unafanya kazi kubwa zaidi. Basi kanuni ya kwanza ni hii: mzigo na uwe karibu na mwili tangu chini mpaka juu.

Sasa tazama miguu. Wanamichezo wainuao vyuma vizito kutoka chini husimama kwa namna mbili, na kanuni za mchezo wao zinaruhusu zote mbili. Wengine huweka miguu chini ya nyonga, mikono ikishika nje ya magoti. Wengine hutanua miguu, vidole vikielekea nje kidogo, mikono ikishuka katikati. Hakuna namna iliyo bora kwa watu wote, maana hatukuumbwa sawa: mmoja ana mapaja marefu, mwingine mikono mirefu.

Jipime hivi. Chukua mzigo mwepesi, mwenzako akutazame kwa ubavuni. Ukiinama na miguu ya karibu, mgongo wako ukajikunja kabla mikono haijafika, tanua miguu, magoti yafuate vidole. Ukisikia maumivu kwenye nyonga, irudishe kidogo. Gunia ni nene, kwa hiyo mara nyingi hufaa liwe katikati ya miguu iliyotanuliwa. Kama bado hulifikii vizuri, lisimamishe juu ya gogo kwanza.

Ukiisha kusimama vema, sukuma makalio nyuma, kunja magoti, shika kwa nguvu. Vuta pumzi, kaza tumbo. Kisha sukuma ardhi kwa miguu, usinyakue. Nyonga na mabega viinuke pamoja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usisokote kiuno. Kuteremsha mzigo ni vivyo hivyo.

Lakini hata namna njema ina mpaka wake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba, pale mwanamume mzima anapobebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe kupunguza mzigo huo. Gunia la kilo 100, au lumbesa, si la mtu mmoja. Mwite jirani, au ligawe mara mbili. Mama mwenye mimba asibebeshwe mizigo mizito, wala mtoto asipimwe kwa mzigo wa baba yake.

Na ukiumwa mgongo, usilale siku nyingi. Tembea polepole kadiri uwezavyo. Lakini ukiona mguu unakufa ganzi au kulegea, au huwezi kuzuia mkojo, au unashindwa kuutoa, usingoje: nenda hospitali siku ile ile.

Wazazi, wafundisheni vijana mapema, kwa kuni na ndoo za nyumbani. Atakayezoea kuinua vema kilo 10 hatababaika mbele ya kilo 50.