Mchanga wa Silika: Kutoka Majabali ya Mwanza Hadi Kioo

Majabali yaliyobebana kandokando ya mji wa Mwanza, pamoja na lile mashuhuri la Bismarck lililosimama majini, ni ya itale, yaani granaiti. Umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Itale huundwa hasa na madini matatu: feldispa, ulanga na kwatsi. Jua, mvua na hewa huyadhoofisha majabali hayo kidogo kidogo. Feldispa huoza ikawa udongo wa mfinyanzi, ambao huchukuliwa na maji, kwatsi haiozi. Punje zake husombwa na vijito hadi Ziwa Viktoria, na huko mawimbi huzisafisha na kuzipanga ufukoni.

Kwatsi ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni (SiO2). Mchanga wa silika ni ule ambao karibu wote ni kwatsi. Mwashi hahitaji usafi wa namna hiyo, lakini mtengenezaji wa kioo hawezi kufanya kazi bila huo.

Silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi. Ikichanganywa na magadi, joto linalohitajika hupungua, na tanuri hufanya kazi kwenye nyuzi 1,500 hivi. Hata hivyo, kioo cha silika na magadi tu huyeyuka majini. Kwa sababu hiyo huongezwa chokaa. Katika kioo cha kawaida, silika ni zaidi ya asilimia 70. Afrika Mashariki inazo malighafi zote tatu, na magadi hupatikana katika Ziwa Natron na Ziwa Magadi.

Adui mkubwa wa kioo cheupe ni chuma, ambacho hukitia rangi ya kijani. Kwa chupa nyeupe, oksidi ya chuma katika mchanga haipaswi kuzidi takriban sehemu 3 katika 10,000. Mchanga wa Diimu na Bukakata, kwenye ufuko wa ziwa hilihili nchini Uganda, una silika zaidi ya asilimia 99. Mchanga ulio karibu na majabali yake ya asili huweza kuwa bado na feldispa na punje nyeusi za chuma, kwa hiyo ni lazima upimwe.

Wanafunzi wanaweza kuanza upimaji huo shuleni. Mchanga uoshwe, ukaushwe na kupimwa uzito; kisha sumaku iliyofunikwa kwa karatasi ipitishwe juu yake. Punje nyeusi zitakazonasa zipimwe uzito, na asilimia yake ikokotolewe.

Silika ina kazi nyingine pia. Mafundi wa kusubu chuma huitumia kutengenezea kalibu, kwa kuwa huhimili joto kali. Miji huitumia katika machujio ya maji. Kwatsi safi ikichomwa pamoja na kaboni katika tanuri la umeme hutoa silikoni, ambayo baada ya kusafishwa zaidi hutumika katika paneli za umeme wa jua.

Faida hizo zina gharama. Punje za ufukoni ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu. Hatari huanza kwatsi inaposagwa ikawa vumbi laini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoponda mawe ya kwatsi makavu, kama wale wa Geita, huvuta vumbi hilo, ambalo hutia makovu mapafuni. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Kinga yake ni kulowesha mawe, kuondoa vumbi na kuvaa barakoa zinazofaa.

Ziwa nalo lina haki yake. Sato dume huchimba kiota katika mchanga wa maji mafupi, nako majike hutaga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mchanga uliotayarishwa na maumbile kwa maelfu ya miaka huweza kuondolewa kwa siku moja. Basi kipimo cha maabara na kipimo cha athari havina budi kutangulia koleo.