Mwandishi Mmoja, Rafu Mbili

Kwa karne kadhaa wanafalsafa wa Ulaya walibishana na mtu waliyemwita Avicebron bila kumjua ni nani. Kitabu chake, Chemchemi ya Uhai, kilitafsiriwa kutoka Kiarabu hadi Kilatini huko Hispania katika karne ya 12. Ni mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, na hakinukuu Torati hata mara moja. Basi wako waliomdhania Mwarabu, wako waliomdhania Mkristo. Thomas Aquinas alimpinga kwa jina. Avicebron alishikilia kwamba kila kiumbe, hata malaika, kina maada na umbo. Aquinas akakataa katakata kwamba malaika ana maada.

Mwaka 1846 Salomon Munk, mtaalamu wa hati za kale mjini Paris, alifumbua fumbo hilo. Alizikuta dondoo za Kiebrania zilizotolewa katika kitabu hicho na Shem Tov ibn Falaquera, mwanazuoni wa karne ya 13, akazilinganisha na Kilatini. Avicebron alikuwa Solomon ibn Gabirol, Myahudi mzaliwa wa Málaga, yule yule aliyetunga Taji la Ufalme, utungo ambao baadhi ya Wayahudi wangali wakiusoma Siku ya Upatanisho. Sinagogi lilimhifadhi mshairi, vyuo vya Kikristo vikamhifadhi mwanafalsafa, na hakuna aliyejua kwamba ni mtu mmoja.

Wanaotetea masomo ya fikra za Kiyahudi chuoni mara nyingi husema kila jamii inastahili nafasi yake. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ni ndogo mno kwa jambo lenyewe. Anayesoma Aquinas bila Ibn Gabirol anasikia upande mmoja wa shauri.

Tumchukue Maimonides, aliyezaliwa Córdoba akafariki Misri mwaka 1204. Mwongozo wake kwa waliotatizika aliuandika kwa Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania, kama washairi wa Pate na Lamu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alimsoma Aristotle kwa msaada wa al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu. Baadaye Aquinas akamsoma yeye kwa Kilatini, akimwita Rabi Musa. Ukimweka Maimonides katika idara ya dini peke yake, umekata mnyororo huo katikati.

Athari yake inaonekana waziwazi kwa Spinoza wa Amsterdam, ambaye jumuiya yake ya Kiyahudi ilimtenga mwaka 1656. Mwanafunzi aliyeandaliwa kwa Descartes tu atamwona Spinoza, katika kitabu chake cha mwaka 1670 kuhusu dini na siasa, kama mtu anayepiga ngumi hewani. Kumbe mpinzani ana jina. Maimonides alifundisha kwamba maneno ya Maandiko yakigongana na jambo lililothibitishwa kwa akili, yafasiriwe kwa maana ya ndani. Spinoza akajibu: Maandiko yaelezwe kwa Maandiko yenyewe, kwa lugha yake na historia yake.

Kwa sababu hiyo ningependa kila mwanafunzi wa somo hili aanze Kiebrania mwaka wa kwanza, hata kama ni kwa kujikongoja. Spinoza mwenyewe alianza kuandika sarufi ya Kiebrania. Akafa mwaka 1677 kabla hajaimaliza, na marafiki zake wakaichapisha ilivyo.