Rubani wa Dar es Salaam Aliyeishia Kwenye Sinema

Mtu wa Tukuyu anayeishi Cardiff hana budi, akishuka kwenda bandarini, kukanyaga uwanja uliopewa jina la Roald Dahl. Na mwenyeji akipata kusikia kwamba mwenziwe katoka Tanzania, aghalabu humwuliza kwa bashasha kama ana habari kwamba mtunzi huyo, aliyezaliwa papa hapa mwaka 1916 kwa wazazi wa Kinorwe, aliwahi kukaa Dar es Salaam. Nimeulizwa mara nyingi, basi nimeona heri niandike.

Dahl alifika mwaka 1938 akiwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita vilipotangazwa Septemba 1939 alikabidhiwa askari wa King's African Rifles wawazuie Wajerumani waliokuwa wakikimbilia kusini kwenye himaya ya Wareno. Kwetu Rungwe, ambako Wamoravian wa Kijerumani walijenga misheni mwaka 1891, na ambako boma la Neu-Langenburg, ndilo Tukuyu, lilitwaliwa na Waingereza Mei 1916, kumwona Mjerumani akiondolewa halikuwa jambo geni. Kwake yeye, kijana ambaye hajatimiza miaka 23, lilikuwa kubwa. Kisha akaingia jeshi la anga, akafunzwa urubani Nairobi, na tarehe 19 Septemba 1940, akiwa ameelekezwa mahali sipo, mafuta yakikaribia kwisha na giza likiingia, akaiangusha ndege yake katika jangwa la magharibi mwa Misri, akapasuka fuvu na kupofuka kwa muda.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mwaka 1942, alipokuwa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, alijiwa na C. S. Forester, mtunzi mashuhuri wa riwaya za baharini, aliyemwalika chakulani akitaka kuusikia mkasa ule apate kuuandikia gazeti. Dahl, kwa simulizi yake mwenyewe, akaona ni wepesi zaidi kuuandika kwa mkono wake, na Forester akaupeleka kama ulivyo. Saturday Evening Post likauchapa mwezi wa Agosti kwa anwani iliyodai kwamba rubani alitunguliwa juu ya Libya, ilhali hakutunguliwa na mtu, wala pale hapakuwa Libya. Sinema, kwa maoni yangu, ilianzia hapo, si mwaka 1967 ilipotoka sinema ya James Bond iitwayo You Only Live Twice, ambayo aliiandikia mchezo akaiacha kando karibu riwaya nzima ya rafiki yake Ian Fleming, wala mwaka 1968 ilipotoka Chitty Chitty Bang Bang aliyoshiriki kuiandika.

Kwa sababu hiyo, katika Going Solo, kitabu chake cha mwaka 1986, ninapofika pale mtumishi wake Mdisho anapotwaa upanga ukutani na kwenda usiku kumwua Mjerumani mwenye shamba la katani, nausoma ukurasa huo kama onyesho lililotungwa na fundi wa sinema, wala siukubali kuwa historia ya nchi yetu. Na Mdisho, maskini, hakuachiwa nafasi ya kusimulia upande wake.

Askari wa Tanganyika walipigana Uhabeshi, Madagascar na Burma, na hakuna Forester aliyewaalika chakulani. Msomaji wa Rungwe mwenye barua, nishani au picha ya babu aliyerudi kutoka Burma, tafadhali iandikie maelezo nyuma: jina, kijiji na mwaka.