Paa Lipumue, Mbu Abaki Nje

Kati ya Desemba na mapema Machi, kabla ya mvua ndefu, ndipo nyumba nyingi za Kaunti ya Kakamega huezekwa. Mabati hupakuliwa Lurambi, Butere na Malava, fundi huulizwa kuhusu rangi na geji, na mazungumzo huishia hapo. Suala la hewa ya juu ya dari huibuka baadaye, mvua ikiwa imeshika kasi, dari inapoota madoa ya maji na fundi akipanda juu haoni bati linalovuja.

Mara nyingi maji hayo hayakutoka nje. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri, na hewa yetu hubeba unyevu mwingi. Ndani ya nyumba, pumzi za wanaolala, chai inayochemka na nguo zilizoanikwa kwa sababu ya mvua huongeza mvuke ambao hupanda na kupenya dari. Usiku bati hupoa haraka kuliko sehemu nyingine za nyumba. Mvuke ukiligusa hugeuka kuwa matone, kama ilivyo chini ya kifuniko cha sufuria. Kufikia alfajiri matone hudondokea dari. Jipsamu hulainika na kulegea, mbao za kenchi huota kuvu, na misumari hushika kutu mahali ambapo hakuna anayeiona.

Mchana shida ni nyingine. Bati lililopigwa na jua huwa moto usioshikika kwa mkono, na hewa iliyo chini yake ikikosa njia ya kutoka, joto hushuka polepole vyumbani hadi usiku. Wakazi wa Mumias na Matungu, ambako ardhi iko chini zaidi, wanalijua joto hilo kuliko wa Lugari na Likuyani. Athari yake si usumbufu tu. Chumba kikiwa na joto, mtoto husukuma chandarua kando, na mzazi naye huacha kukishusha.

Nyumba ya zamani ya nyasi haikuwa na taabu hii. Paa lenyewe lilipitisha hewa, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na mwanya ambapo moshi ulitokea. Tulipohamia mabati tulibaki na mwanya huo katika nyumba nyingi, hasa simba za vijana na nyumba zisizo na dari. Katika nyumba mpya tumefanya kinyume: upenu unafungwa kwa fasha na mbao chini yake, pembetatu za ukuta zinajengwa kwa matofali hadi juu, na paa linabaki kama chupa iliyozibwa.

Njia hizo mbili zote zina kasoro. Mwanya ulio wazi ndio mlango mkuu wa mbu anayeeneza malaria, na kaunti yetu imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako ugonjwa huu haukomi mwaka mzima. Mbu huyo hufuata harufu na pumzi za watu, ambazo hupanda na kutokea penuni. Akigonga ukuta huruka kwenda juu mpaka apate nafasi ya kuingilia. Kuziba mwanya kwa udongo au saruji humzuia, lakini hufungia joto na unyevu ndani. Linalofaa ni kuacha tundu na kuliwekea wavu.

Hili limepimwa. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet ulilinganisha nyumba za aina tatu. Zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa penu ziliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 59 kuliko nyumba ambazo hazikuguswa. Zilizowekewa dari ya wavu pekee zilipata upungufu wa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache pia katika nyumba zilizokingwa.

Hewa ya paa hufuata kanuni moja: iingie chini, itokee juu. Hewa moto hupanda yenyewe, kwa hivyo matundu ya penuni huingiza hewa baridi na matundu ya karibu na mgongo wa paa huitoa ile iliyopata moto. Matundu ya upande mmoja tu hayafanyi kazi hiyo vizuri.

Kipimo kinachotumika sana na wajenzi ng'ambo ni kuwa na eneo wazi lisilopungua sehemu 1 kwa kila 150 ya eneo la dari. Kwa nyumba ya mita 8 kwa 10, yaani mita mraba 80, hiyo ni kama nusu mita mraba, nusu yake ikiwa chini na nusu juu. Wavu hupunguza hewa inayopita, hivyo ni busara kuongeza tundu hadi karibu maradufu. Hesabu hiyo ikiletwa kwa fundi inakuwa hivi: mwanya wa sentimita 3 unaofuata urefu wote wa upenu katika pande mbili ndefu za nyumba, na dirisha dogo la sentimita 50 kwa 50 katika kila pembetatu ya ukuta, karibu na kilele. Wavu uwe na vitundu visivyozidi milimita 1.5 na ushikwe kwa vipande vya mbao kuzunguka kingo zote. Wavu uliopigiliwa misumari minne kwenye kona ni mapambo tu.

Madirisha hayo ya kileleni yawekewe vibao vilivyoinama kuelekea nje ili mvua isiingie. Kila boma linajua mvua ya alasiri hupiga upande upi, na upande huo upenu urefushwe. Upepo nao usisahaulike: kenchi zifungwe barabara kwenye ukuta, kwa kuwa upepo unaoingia chini ya paa hulisukuma juu.

Haya yote ni rahisi yakiwa kwenye karatasi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayejenga huhitaji kibali cha kaunti, na ramani inayowasilishwa huwa na mchoro unaoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa katikati. Hapo ndipo matundu ya penuni na ya kileleni yanapaswa kuonekana, pamoja na vipimo vyake. Kama hayapo, mchoraji aulizwe kabla ya msingi kuchimbwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inaitambua nyumba ya kuishi isiyo na hewa ya kutosha kuwa kero inayoweza kuchukuliwa hatua.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kazi si kubwa. Tofali mbili tatu zinaweza kutolewa juu ya kila pembetatu na nafasi kuwekewa wavu, na mbao za chini ya upenu zikatobolewa kwa mstari. Nyumba isiyo na dari inahitaji wavu penuni kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa mbu akiingia hakuna kinachomtenga na kitanda. Rangi nyeupe juu ya mabati pia hupunguza joto.

Matundu ya paa hayachukui nafasi ya bomba la moshi jikoni, na hayaifanyi salama tabia ya kulala na jiko la makaa chumbani. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini, hata pale dari ina matundu.

Wako pia popo, wanaojaa katika dari nyingi na ambao wenye nyumba huwalaumu kwa harufu na madoa. Hula wadudu wengi, kwa hivyo kuwapulizia sumu hakufai. Wavu uwekwe jioni, baada ya wote kuruka nje, na si wakati wana vichanga ndani. Kinyesi chao kilowanishwe kwa maji kabla ya kufagiliwa, na anayefagia afunike pua na mdomo, maana vumbi lake huweza kudhuru mapafu. Wavu wenyewe upigwe brashi angalau mara moja kwa mwaka, kwani masizi na vumbi huuziba bila mtu kutambua.