Fundi Aliyebaki Dukani

Sogeeni, wanangu, na wa nyuma mtafutiwe mkeka.

Ndugu wawili wa Wright mnawajua. Wamo katika vitabu vyenu: Wilbur na Orville wa Marekani, watu wa kwanza kurusha ndege yenye injini huku mtu akiwa juu yake anaiongoza. Ilikuwa tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga karibu na Kitty Hawk. Ndege ilikaa hewani sekunde 12. Picha yake ipo mpaka leo: Orville amelala kifudifudi juu ya bawa, Wilbur amesimama pembeni. Aliyetengeneza injini hayumo. Siku hiyo alikuwa mbali kabisa, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, akiangalia duka la baiskeli la mabosi wake, ndugu hao hao. Wateja wangefika, na lazima mtu awepo.

Jina lake Charles Taylor, watu wakimwita Charlie. Alizaliwa tarehe 24 Mei 1868 katika jimbo la Illinois, akakulia Nebraska. Shule aliiacha akiwa na miaka 12, akaanza kutumwatumwa katika ofisi ya gazeti. Penseli na karatasi hazikumvutia sana. Mashine za pale ndizo alizokuwa akizikodolea macho. Alipokua akahamia mji mdogo wa Kearney, na huko akampata Henrietta Webbert, wakaoana.

Msimpite huyo Henrietta haraka, kwa sababu bila yeye hadithi hii isingekuwepo. Ukoo wake ulikuwa na watu Dayton. Charlie alipohamia huko na familia yake kutafuta riziki, ikatokea kwamba baba mdogo wa Henrietta ndiye mwenye nyumba ambamo ndugu wa Wright walipanga duka lao. Baba mdogo huyo akamjua fulani, fulani akamjua yule, nanyi mnajua mambo yanavyokwenda. Wakaanza kumpa vibarua vya kukereza vyuma. Mwaka 1901 wakamwita afanye kazi kwao moja kwa moja, kwa senti 30 kwa saa. Kule alikokuwa alilipwa senti 25. Mtu mwenye mke na watoto haoni kuwa senti tano ni kitu kidogo, na duka lilikuwa karibu na kwake, akakubali.

Basi ndugu hao wakisafiri kwenda kujaribu mabawa yao ufukweni, Charlie ndiye anayebaki na funguo. Dada yao, Katharine, mwalimu wa sekondari, alikuwa akija kukagua mahesabu, na wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Charlie alivuta sigara kubwa, moja ikizimwa nyingine inawashwa, duka zima likanuka moshi. Mimi hapo niko upande wa Katharine.

Sasa tufike kwenye injini, maana hapa ndipo ninapopapenda.

Mwishoni mwa 1902 Wilbur na Orville walikuwa na mabawa mazuri lakini hawana cha kuyasukuma. Waliandikia barua viwanda vya injini: tunataka yenye nguvu za farasi 8 angalau, na isizidi uzito wa kilo 90. Hakuna aliyeweza kuwapa. Wakamgeukia Charlie. Na Charlie, wanangu, alikuwa amewahi kuishika injini ya petroli mara moja tu, alipojaribu kurekebisha ya gari bovu.

Michoro rasmi haikuwepo. Walikaa, wakajadiliana, mmoja akachora kipande kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, Charlie akaibandika juu ya meza yake ya kazi na kuanza. Vifaa vikubwa vilikuwa mashine ya kukereza na mashine ya kutoboa, zile zile za kutengenezea baiskeli.

Tazama alivyotengeneza krenki shafti. Mmewahi kuona pedali ya cherehani? Mguu unakwenda juu na chini, gurudumu linazunguka. Krenki inafanya kazi hiyo ndani ya injini: inachukua juu-chini ya pistoni na kuigeuza mzunguko. Ikivunjika, kila kitu kimekwisha. Charlie alichukua bamba la chuma kigumu, unene wake sentimita nne hivi, uzito kilo 45. Akachora umbo juu yake. Akatoboa matundu kufuata mchoro, tundu ubavuni mwa tundu, mpaka akauzunguka wote. Halafu akashika nyundo na tindo, akagonga, chuma kilichozidi kikaanguka. Kilichobaki akakifunga kwenye mashine ya kukereza, akakipunguza kidogo kidogo hadi kikafika kilo 9 hivi. Sehemu nne kati ya tano za lile bamba zilibaki sakafuni zikisubiri fagio.

Injini yenyewe ilikuwa na silinda nne, na bloki yake waliipeleka kusubiwa kwa alumini ili iwe nyepesi. Haikuwa na plagi; cheche zilitoka ndani ya silinda, vyuma viwili vikigusana na kuachana. Haikuwa na pampu ya mafuta. Petroli iliteremka yenyewe kutoka kwenye tangi dogo lililofungwa juu. Rubani hakuwa na namna ya kuongeza wala kupunguza mwendo akiwa hewani. Charlie aliikamilisha kwa wiki sita.

Februari 1903 ikanguruma. Muda si muda, petroli ikadondokea kwenye beringi, zikakwama, bloki ikapasuka. Wakaagiza nyingine, na mwezi Mei ikawashwa tena. Wao waliomba nguvu za farasi 8. Hii ikatoa 12.

Hata huko Kitty Hawk mambo hayakunyooka. Shafti za mapanga yanayosukuma ndege zilikatika, zikarudishwa Dayton kwa Charlie aziimarishe. Magurudumu ya meno ya mnyororo nayo yakawa yanalegea kila injini ikiwaka, mpaka ndugu hao wakayagandisha kwa gundi ya tairi za baiskeli. Naam, gundi ya tairi! Siku ile ya Desemba waliruka mara nne, na mara ya mwisho ndege ilikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260.

Charlie mwenyewe alitamani kujifunza kurusha ndege. Mabosi wakakataa. Walimhitaji chini, na huenda walikuwa sahihi, ila mimi naona wangemwacha ajaribu.

Mwaka 1908 alikuwepo ndege ya Orville ilipoanguka karibu na Washington, panga moja likiwa limepasuka hewani. Luteni Thomas Selfridge, abiria wake, alikufa, Orville akavunjika mguu na mbavu. Charlie alisaidia kuwatoa kwenye mabaki, kisha akaegemea ndege ile na kulia mbele za watu.

Miaka ikapita. Wilbur alifariki 1912. Charlie akahamia California, pesa zake akaziweka kwenye ardhi iliyokuwa nusu jangwa, zikapotea. Henrietta naye akafariki. Mzee akaajiriwa katika kiwanda cha ndege, kwa ujira usiozidi sana ule wa 1901, na waliofanya kazi ubavuni mwake hawakujua ni nani. Hakuwaambia. Tajiri Henry Ford, aliyekuwa amehamisha lile duka la baiskeli ili alifanye makumbusho huko Dearborn, ndiye aliyetuma watu wamtafute aje alipange kama lilivyokuwa. Lilifunguliwa mwaka 1938, na hadi leo watu wanaingia kuliona.

Orville alifariki tarehe 30 Januari 1948, akiwa ameacha wosia kwamba Charlie alipwe dola 800 kila mwaka. Charlie akafuata tarehe hiyo hiyo, 30 Januari, mwaka 1956. Alikuwa na miaka 87.

Siku hizi Marekani huwatuza mafundi wa ndege waliotumikia kazi hiyo miaka 50, na tuzo imepewa jina la Charles Taylor. Yeye alianza kazi akiwa na miaka 12, akaiacha baada ya kupita 75, na hapo ni moyo ndio uliougua. Spana alikuwa bado anazitaka.